Mwaka Tuliokadiria Msitu

Kwa mwaka mzima niliamini kwamba nyani huletwa na lori. Sikuamini nusu nusu, kama mtu anavyoamini utabiri wa mvua. Niliamini jinsi ninavyoamini kwamba jua huchomoza upande wa Embakasi. Habari yenyewe ilikuwa hivi: mahali popote palipopandwa miti ya asili, miche ikishafika magotini, serikali hutuma lori lililofunikwa turubai. Dereva hurudi kinyumenyume hadi ukingoni mwa shamba, mlango wa nyuma unafunguliwa, na nyani wanashuka mmoja mmoja kama abiria waliolipa nauli, mkubwa wao akishuka wa mwisho baada ya kuhakikisha hakuna aliyesahaulika. Kinyozi mmoja wa soko la Burma aliapa kwamba shemeji yake alimwona mmoja ameketi mbele karibu na dereva, amevaa kofia ya taniboi, kama msaidizi wa dereva. "Tena alikuwa anaangalia barabara," kinyozi akaongeza, wembe ukiwa shingoni mwangu, "kwa makini kuliko dereva mwenyewe." Mtu akiwa na wembe shingoni huamini upesi. Sababu ya kuwaleta nayo ilijulikana: nyani wangekula mahindi ya majirani, majirani wangechoka na kuhama, na msitu ungejitanua wenyewe bila mtu kutoa hata senti. Wakati huo nilikuwa nimetoka tu kupata cheti cha shule ya jioni, na naweza kukuhakikishia kwamba cheti hakimzuii mtu kuamini jambo kama hilo. Kinamsaidia kulieleza vizuri zaidi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Mama Njoki. Kwenye mazishi alisimama kijana mwenye shati la kijani na kipaza sauti kilichokuwa kikilia kuliko wafiwa, akasema, "Mama huyu aliipa nchi yetu msitu. Alitoa shamba lake kwa moyo mmoja." Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, maana magoti yalikuwa yananiuma, na msemaji asiyepigiwa makofi hudhani hajasikika akaanza upya. Lakini moyo mmoja! Mimi nilikuwepo. Kama Mama Njoki angekuwa na mioyo kumi, yote kumi ingekataa. Nyuma ya hema msitu wenyewe ulikuwa umesimama, miti ya podo na mutarakwa, kivuli kizito, na chini yake mto unaosikika mpaka barabarani. Ni msitu mzuri, sitasema vingine. Umepandwa na kufa na kupandwa tena mara nyingi mno tangu mwaka ninaousimulia, na wengi waliobeba miche ile migongoni nao wameshalala. Wageni walijipiga picha mbele yake. Niliketi kwenye kiti cha plastiki nikijihisi mzee kama huo mutarakwa, nikawaza kwamba pale uwanjani pengine ni mimi peke yangu niliyewahi kusikia bei ya msitu huo ikisomwa kwa sauti, na kwamba hata hiyo bei ilikuwa pungufu.

Mwaka huo, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa nimepanga nyuma ya pazia. Chumba kilikuwa cha Mama Njoki, katika mtaa wa Bahati, Nairobi, chumba kimoja kilichofanya kazi ya vitano. Binti yake alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo upande wa kitanda cha binti ukawa wangu, na pazia la maua yaliyofifia likawa ukuta. Upande wangu kulikuwa na kitanda, sanduku, na cheti changu kimebandikwa ukutani juu kiasi kwamba mimi mwenyewe sikuweza kukisoma. Upande wake kulikuwa na jiko la makaa, meza, redio, na magunia ya viazi yamepangwa hadi dari. Viazi ndivyo vilivyokuwa wenyeji pale. Sisi wengine tulikuwa wapangaji. Tulikula githeri yenye viazi, mukimo wa viazi, mchuzi wa viazi na viazi, na Krismasi tulikula viazi vilivyoonyeshwa nyama. Chumba kizima kilinuka udongo mweusi wa milimani, na hata shati langu la kwenda kazini lilinuka hivyo, mpaka wenzangu kiwandani wakaniuliza kama ninalala kaburini. Sikuona aibu. Nilikuwa nimenenepa.

Viazi hivyo vilitoka kwenye shamba lake mwenyewe. Watu wa mitaa yetu, wauza mitumba wa Gikomba, mafundi seremala, vibarua wa viwandani, walikuwa wamechanga wakanunua kwa pamoja shamba la mlowezi mmoja aliyerudi kwao, kule juu kwenye baridi ambako gari likipanda masikio yanaziba. Waligawana kwa kura. Karatasi zenye namba zilitiwa ndani ya kofia ya mwenyekiti, kila mtu akaingiza mkono, na mkono wa Mama Njoki ukatoka na kipande cha mgongoni mwa mlima, juu kabisa, palipokuwa pamefyekwa msitu. Walimcheka. Walisema huko kuku hutaga wakiwa wamevaa sweta. Lakini udongo wa msitu ni udongo, na viazi vyake vilitoka vikubwa kama kichwa cha mtoto. Msimu wa kulima alipanda juu na lori la kukodi pamoja na wanachama wengine, na viazi vikikaribia kukomaa alihamia huko wiki nzima nzima, akilala kwenye kibanda cha mabati, kisha akarudi Bahati na magunia, sauti imekauka na macho mekundu. Nilidhani ni baridi.

Baada ya miaka michache ya kulima mgongoni, mto wa bondeni ulianza kupungua. Wanachama wa bondeni walipiga kelele, na safari hii hawakukosea: ule mto ulianzia kwenye msitu uliofyekwa. Kamati ikaamua kwamba mgongo wote urudishwe msitu, ila kwanza ijulikane itagharimu kiasi gani. Gharama ikilingana na kile wanachama wanachoweza kuchanga, watu wa mgongoni wataondoka na kupewa ukanda mdogo kando ya barabara, mahali pa kujenga choo na kukiangalia. Gharama ikizidi, jambo life. Kwa hiyo shamba la Mama Njoki lilining'inia kwenye makadirio, na aliyepewa kazi ya kukadiria alikuwa Bwana Wafula, aliyekuwa bwana misitu miaka mingi kabla ya kuja kupima mbao Gikomba. Mkono wake ulikuwa mzuri wa miti na mbaya wa kalamu. Wakatafuta mtu wa kumwandikia. Mtaa mzima ukataja jina langu, au tuseme Mama Njoki alilitaja na mtaa haukumpinga.

Bwana Wafula akawa anakuja chumbani jioni, tunaandika mezani huku jiko likiwaka. Siku ya kwanza alifuta sahani ya pili kwa kidole, akamtazama mwenyeji wake kwa adabu.

"Mama, hii githeri ni tamu sana. Sasa chakula chenyewe kinakuja saa ngapi?"

"Chakula gani tena? Si umemaliza sahani mbili?"

"Hizo nilikuwa nakusaidia kuosha vyombo. Mtu wa kwetu hajala mpaka ameona ugali."

"Basi kesho uje na unga wako, na mkono wako wa kuusonga. Hapa Bahati tunakula kilichotoka shambani."

Alicheka hadi meza ikatikisika, na herufi zangu zikatoka zimelewa. Lakini jioni nyingine, nikiwa nimejilaza nyuma ya pazia na wao wakidhani nimesinzia, nilimsikia Mama Njoki akizungumza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mtu anayeshusha mzigo polepole usimwangukie mguuni.

"Bwana Wafula, nikuulize kama mtu na dada yake. Hiyo hesabu yenu, mimi niko wapi ndani yake?"

"Uko kwenye kifungu cha mwisho. Mavuno yatakayokosekana. Miche ni rahisi, Mama. Mashimo ni rahisi. Kitu ghali cha kurudisha msitu ni kile shamba lilikuwa linaleta kabla, na hakitaletwa tena mpaka sisi sote tuwe na mvi. Hicho ndicho kifungu kikubwa kuliko vyote."

"Watakikubali?"

Kijiko kilizungushwa ndani ya kikombe muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Mimi nimekadiria miti," Bwana Wafula akasema. "Watu sijawahi."

Jumamosi moja tulipanda wote na lori la kukodi, kamati na wanachama wamesimama nyuma wakiimba nyimbo za kanisa dhidi ya baridi, watu wa Mkoa wa Kati wakivuta wimbo upande huu na wa Magharibi upande ule, mpaka dereva akasimama kuuliza kama tunagombana. Huko juu nilijifunza jinsi Bwana Wafula anavyopima kazi. Hakutumia saa. Aliwapa watu majembe wachimbe mashimo, naye akageuka akiwapa mgongo, mikono mfukoni, akisikiliza. "Wakichimba huku wanataniana, ardhi ni laini," aliniambia. "Utani ukipungua, andika nusu ya kazi kwa siku. Wakinyamaza kabisa, umefika kwenye mawe." Tulizunguka mgongo mzima hivyo, naye akisikiliza na mimi nikiandika, na kwenye shamba la Mama Njoki watu walitaniana sana hadi mmoja akadondokea shimoni kwa kicheko. Mama mwenyewe hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya matuta yake, mikono ndani ya kanga, akiangalia watu wakichimba mashimo kati ya viazi ambavyo havijavunwa. Wakati huo, kutoka kwenye genge la mawe upande wa pili, tukasikia mbweko, kisha mwingine, mkubwa na wa kukoroma.

"Nyani!" nikasema.

"Wameanza kushushwa," akasema mwenyekiti, Bwana Gathogo, akitikisa kichwa. "Hata miche haijapandwa, na lori lishafika!"

Nilimweleza kwamba pengine hao ni wa kutangulia, kama vile kanisa linavyotuma watu wa kuandaa viti. Akaona nimesema la maana. Ndipo nilipoongeza kwenye karatasi kifungu cha walinzi.

Makadirio yalisomwa Jumapili baada ya ibada, katika karakana ya Bwana Gathogo kule Gikomba, kamati ikiwa imekaa kwenye makochi yasiyo na mito, mtu akigeuka spring zinalia. Mimi ndiye niliyesoma, kwa sauti ile ya cheti. Miche: wakaitikia kwa vichwa. Mashimo: vichwa. Palizi: wakahema. Nilipofika kwenye kupandia palipokufa miche, mzee mmoja akauliza, "Kwani itakufa?"

"Itakufa," Bwana Wafula akajibu. "Si yote. Lakini msitu haupandwi mara moja. Unapanda, unazika, unapanda."

"Basi nunua isiyokufa."

Kicheko. Nikaendelea na walinzi wa nyani, na hapo makochi yote yalilia kwa pamoja, kila mtu ameketi wima. Jambo hilo hawakulihoji. Kila mmoja alikuwa na shemeji aliyeona. Walichohoji ni bei. Walinzi wa kuzunguka mgongo mzima kwa miaka wangekula mchango wote. Ndipo fundi mmoja aliposema, kwa nini tulinde mgongo mzima na lori linapita barabara moja? Tuweke kizuizi barabarani, chuma kizito, kufuli, na mtu mmoja mwenye filimbi. Wakampigia makofi kama amegundua moto. Mimi nilipiga pia. Nikaona aibu ndogo kwamba hilo halikunijia.

"Nyani ana miguu," Bwana Wafula akasema.

"Ya kupandia lori!" mtu akajibu kutoka nyuma, na karakana ikapasuka. Kukawa hakuna tena nafasi ya kusema kitu.

Kilichobaki kilikuwa kifungu cha mwisho. Nilikisoma polepole. Bwana Gathogo akaniomba nirudie, nikarudia.

"Hiyo pesa inatoka mfukoni mwa nani?" akauliza.

"Haitoki," Bwana Wafula akasema. "Ni chakula ambacho hakitaingia. Watu hawa watakaa miaka bila shamba lao. Hiyo ni gharama ya msitu, tena ndiyo kubwa."

"Bwana Wafula, kisichotoka mfukoni si gharama. Nikiandika kila kitu nilichokikosa, hata yule msichana wa Shauri Moyo aliyenikataa nitamtia kwenye hesabu."

Walicheka mpaka wengine wakafuta macho. Mama Njoki alikuwa amekaa nyuma, juu ya kitanda ambacho hakijapigwa randa. Akasimama. Hakupaza sauti.

"Mwenyekiti, lori ambalo halijaja mmeliandika. Viazi vyangu viko guniani, mmevifuta."

Kicheko kilikatika. Nje mkokoteni ulipita, mwenye mkokoteni akipiga kelele za kuomba njia. Bwana Gathogo hakuwa mtu mbaya. Aliupangusa uso kwa kitambaa chenye vumbi la mbao, akasema kwa upole, "Mama, nyani ni hatari. Viazi ni viazi." Wakainua mikono. Walinzi wakawa kizuizi, mavuno yakafutwa, gharama ikashuka ikaingia ndani ya mchango, na kalamu iliyochora ule mstari ilikuwa yangu. Bwana Wafula alitoka bila kuaga. Baadaye nilimkuta nje amesimama kando ya rundo la mbao za podo, akipitisha kiganja juu yake kama mtu anayetuliza ng'ombe.

Mvua ya masika ilipokuja walipanda. Mama Njoki alivuna mapema viazi vidogo vidogo, akavileta, tukavila, na magunia yakaanza kushuka kutoka dari. Siku moja niliporudi kutoka kazini niligundua kwamba chumba kile kilikuwa na dirisha. Mwanga uliingia mpaka kwenye pazia langu, ukaonyesha kila mahali lilipotoboka. Mtu mwingine angefurahi. Mama Njoki alilitazama hilo dirisha kama mgeni aliyekuja bila taarifa, na kesho yake akaliwekea kipande cha gunia tupu. Nilianza kumwona sokoni Gikomba akinunua viazi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, akigeuza kimoja kimoja, akikinusa, akikirudisha, mpaka muuzaji akamuuliza, "Mama, unanunua ama unatafuta jamaa yako?" Jioni tulikula ugali na sukuma. Bwana Wafula aliendelea kuja, ingawa hakukuwa na cha kuandika, akapata ugali wake hatimaye, akaula bila mzaha wowote. Tulikuwa watu watatu tuliochoka tukisikiliza redio isiyosema lolote linalotuhusu. Na kazi aliyoipata Mama Njoki ilikuwa ipi? Kamati ilimwajiri kibarua, apalilie miche siku chache kwa mwezi, juu ya shamba lililokuwa lake. Aliikubali. Alisema ada ya bweni haijui kuona haya.

Karibu na mwisho wa mwaka aliniomba nimsindikize, mgongo wake ulikuwa unamsumbua. Tulishuka garini barabara kuu tukapanda kwa miguu, mimi nikihema kama treni ya mizigo ya Mombasa. Kizuizi kilikuwa pale barabarani, kimepakwa rangi nyekundu na nyeupe, kizuri kuliko mlango wa nyumba yoyote Bahati. Mlinzi alikuwa macho, filimbi shingoni. Nilimuuliza kama kuna lori limepita. Aliapa kwamba tangu aajiriwe haijapita hata baiskeli. Tulipofika juu, nilidhani nimekosea mahali. Miche ilikuwa imeng'olewa mstari baada ya mstari, mizizi juu, majani chini, mingine imetafunwa shinani na kutupwa kama miwa. Zaidi ya nusu ya mgongo ilikuwa hivyo. Mama Njoki aliweka jembe chini, akainama, akaanza kuokota yenye ukijani, akiirudisha shimoni na kushindilia udongo kwa kisigino.

Mimi nilibaki nimesimama, nikitafuta alama za matairi. Nilizunguka kingo zote. Nilirudi nikamwambia sielewi, kufuli halijavunjwa, mlinzi hajalala, basi labda lori lilizungukia upande wa pili wa mlima, tuwaambie kamati waongeze kizuizi cha pili.

Alikuwa amechoka mno hata kunyoosha mgongo. Alinijibu akiwa ameinama vilevile, mkono mmoja kwenye mche.

"Karani, hakuna lori. Waliokuja kwa lori ni sisi. Nyani wanakaa pale kwenye genge tangu zamani, na kila mwaka viazi vikikomaa, mimi ndiye niliyekuwa nawafukuza."